Umeuliza lenzi, mimi nakwambia daftari

Mdogo wangu, umeuliza ununue lenzi gani ili upate tuzo ya picha za habari ungali kijana. Hiyo uliyonayo inatosha. Nunua daftari.

Mwaka mmoja nilipiga picha Jambiani, hapa Unguja, maji yamekupwa, mama kainama na kanga imerowa mpaka magotini, mikono imejaa mwani, jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma yake. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nikaandika "Mama akivuna mwani", nikamtumia mhariri mmoja Dar. Akanijibu kwa suala moja tu: anaitwa nani? Sikuwa na jibu. Akaiacha.

Nikapanda daladala kurudi Jambiani. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, lishapita, pwani kweupe, ikabidi ningoje karibu wiki mbili. Nilipomkuta nikamuonesha picha kwenye simu. Akacheka. "Hapo sivuni mwanangu, naokota uliokatika." Kotonii yake, aina ya mwani aliokuwa akilima, ilikufa kwa joto la maji, kambani zimebaki taitai tupu, vile vijikamba vya kufungia mwani. Kumbe maelezo yangu yalikuwa uongo, na habari yenyewe nilikuwa nimeikanyaga! Nikashinda naye bamvua tatu, nikaandika majina, bei ya kilo, nani kaacha kulima na nani kahamia kina kirefu. Picha hizo ndizo zilizonipatia kazi. Ile ya jua haimo.

Kuhusu tuzo, mtazame Mohamed Amin, mpigapicha wa habari wa Kenya. Alikuwa na miaka 20 tu alipopiga picha za Mapinduzi hapa Unguja, Januari 1964. Mwaka 1966 akafungwa hapa hapa karibu mwezi mzima. Tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni kule Uingereza ilimjia 1969, kwa picha zake za habari ya kuuawa kwa Tom Mboya, waziri wa Kenya. Zile za njaa ya Ethiopia, ambazo wengi wanamjua kwazo, ni za 1984. Hesabu mwenyewe miaka hiyo.

Ukitaka kushindana, yapo World Press Photo, mashindano ya dunia ya picha za habari, na tangu 2022 Afrika ina kanda yake. Ila usifute faili ghafi, ile picha kama ilivyotoka kwenye kamera, maana ukifika mbali wanaitaka waone ulichokibadilisha. Mimi nilizifuta nyingi kwa kubana nafasi kwenye diski, najuta mpaka leo.

Bamvua lijalo naenda Paje. Ukiweza alfajiri, tufuatane.