Maumivu ya shingo yanayoshuka hadi vidoleni: nimpime vipi zahanati?

SWALI: Mimi ni tabibu wa zahanati upande wa Pangani. Nina mgonjwa, fundi cherehani wa miaka 47. Shingo inamuuma wiki ya tatu sasa, maumivu yanashuka mkono wa kulia hadi kidole cha kati, na kidole hicho kina ganzi. Alipiga eksirei Tanga mjini, majibu yakasema pingili zimelika. Nimempa diklofenaki ya kutuliza maumivu na kola ya shingo. Nimpe rufaa ya Hospitali ya Bombo, au kuna la kufanya hapa hapa?

JIBU: Ndugu tabibu, hiyo eksirei iweke pembeni kwanza. Ukiwapiga picha watu wa umri wake wasioumwa chochote, wengi utawakuta na pingili zilizolika. Eksirei haionyeshi mshipa wa fahamu, seuze kukwambia umeumia kiasi gani. Hilo utalijua kwa mikono yako, nyundo ya rifleksi (mruko wa msuli unapogongwa) na kipande cha pamba.

Anza na ya hatari. Kama kaanguka mnazini au kwenye bodaboda, au kapata ajali yoyote na ana miaka 65 au zaidi, au ganzi ilimwanza baada ya ajali, usimgeuze shingo. Itulize na apigwe picha. Uliza homa, jasho la usiku, kukonda, saratani ya zamani. Kifua kikuu cha pingili bado tunakiona.

Kisha uliza habari za miguu, maana hapo ndipo wengi tunapopita haraka. Uti wa mgongo wenyewe ukibanwa shingoni, mgonjwa huyumba akitembea, mikono hupoteza wepesi, na mkojo unaweza kumsumbua. Huyu wako ni fundi: je, bado anatunga uzi kwenye sindano kama zamani? Mwambie akunje na kukunjua ngumi haraka kwa sekunde 10. Asipofika mara 20, shtuka. Rifleksi za magoti zikiruka kupita kiasi, au ukikwaruza unyayo kidole gumba cha mguu kikapanda juu, mpe rufaa siku hiyo hiyo, na shingo yake asiivute mtu.

Yote hayo yakiwa salama, tafuta mshipa wa fahamu uliobanwa. Ganzi ya kidole cha kati hunielekeza kwenye mshipa wa saba wa shingo. Mwambie anyooshe kiwiko huku wewe unakizuia, ulinganishe na mkono wa kushoto. Kisha gonga rifleksi ya nyuma ya kiwiko. Kama ganzi ingekuwa gumba na cha shahada, ningeshuku wa sita, nikapima kuinua kiganja na rifleksi ya mbele ya kiwiko. Halafu inamishe shingo yake nyuma kidogo na upande wa kulia, ukandamize kichwa taratibu. Maumivu yakikimbilia mkononi, umepata ushahidi. Usirudie kumthibitishia mwenzako. Kichwa kikivutwa juu polepole na maumivu yakapungua, ushahidi unazidi.

Kama nguvu zipo au zimepungua kidogo tu, mtibu hapo hapo. Maumivu ya aina hii kwa wengi hupoa ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Mweleze hivyo, kwa sababu neno "zimelika" limeshamtia hofu ya kupooza. Kola avae siku chache tu, kama inampa nafuu kweli. Akiizoea, misuli inalegea na shingo inakakamaa. Diklofenaki iwe ya muda mfupi, na upime presha na kuuliza vidonda vya tumbo kabla ya kuongeza dozi. Mazoezi: alale chali, avute kidevu ndani bila kuinua kichwa, ashikilie sekunde 10, arudie mara kadhaa kutwa. Avute pia mabega nyuma. Kazi asiache, ila ainue meza ya cherehani na asimame kila anapomaliza vazi.

Mkataze kabisa vinyozi wanaomaliza kunyoa kwa kuvunja shingo. Najua wateja wanapenda ule mlio. Kuzungusha shingo ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaokwenda ubongoni na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini kwa shingo yenye mshipa wa fahamu uliobanwa sioni faida ya kubahatisha.

Mwone tena baada ya wiki mbili, upime nguvu ya kiwiko upya. Ikishuka, au maumivu yakiendelea kumkosesha usingizi, hapo mpe rufaa. Kwenye barua usiandike "maumivu ya shingo" peke yake. Andika kidole chenye ganzi, msuli uliolegea, rifleksi iliyopungua, na hali ya miguu.