Mume wangu ana miaka 39 na bado anacheza gemu

Barua ya wiki hii imetoka Mwanga, hapa hapa Kigoma. Aliyeiandika ni muuguzi, mama wa watoto wawili, mke wa fundi wa injini za boti. Nimeifupisha, lakini maneno ni yake:

"Shangazi, shikamoo. Mume wangu hanywi pombe, hachelewi kurudi, na ada za watoto analipa kwa wakati. Lakini mwaka jana alinunua PlayStation iliyotumika, kwa shilingi laki nne na nusu, bila kuniambia. Kila siku akishaoga na kula, anakaa mbele ya televisheni kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, anacheza mpira na mdogo wake aliyeko Tabora, wamevaa hedifoni, wanacheka kama wanafunzi wa bweni. Mama yangu alipokuja kutoka Kasulu alimkuta na bukta na fulana, naye akamwamkia mama akiwa amekaa, macho yakiwa kwenye kioo cha televisheni. Mama aliporudi aliwaambia mashangazi kwamba nimeolewa na mtoto mwenye ndevu. Juzi binti yetu wa miaka tisa alimwomba amsaidie hesabu za kugawanya, akaambiwa asubiri kwa sababu mpira hausimami. Nilichomoa waya ukutani, na sasa ni siku ya pili hatusemeshani. Luku nayo inaisha haraka. Nimeshaweka picha ya mashine hiyo kwenye kundi la WhatsApp la kuuza na kununua vitu. Je, mtu mzima kucheza gemu si utoto? Nikiiuza nitakuwa nimekosea?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nitaanza na hilo neno "utoto", kwa sababu naona ndilo linalokuchoma, ingawa kwa maoni yangu silo zito kuliko yote uliyoyaandika.

Mimi nimekulia Ujiji, na marehemu mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mcheza bao. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikwenda barazani kwa wenzake, wanaume wenye wajukuu, wakauinamia ubao ule wenye mashimo 32 na kete 64 mpaka adhana ya magharibi. Walipigiana kelele, wakataniana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wakabishana kama kete ya mwisho imekula au imelala, hadi mpita njia akadhani wanagombana. Hakuna aliyesema kwamba wale ni watoto. Kama kulikuwa na mtu wa kusemwa mtaani, ni mke aliyekwenda kumwita mumewe kwa sauti kubwa. Nami nilinung'unika miaka mingi kwa ajili ya chakula kilichopoa, lakini haikunijia hata siku moja kuliita bao utoto, kwa kuwa nilizaliwa nikalikuta linachezwa na wazee. Gemu tulizikuta kwa vijana wa vibandani, wanaolipia mechi mojamoja baada ya shule, basi tukaupa mchezo umri wa wale tuliowaona nao kwanza.

Ukitaka kulihakikisha hilo, shuka Kibirizi siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu mwanga wa mwezi unazishinda taa zao. Utawakuta watu wazima, wenye nyumba na wake, wamelizunguka drafti la vizibo vya soda tangu asubuhi, na mama yako akipita hapo atawasalimu kwa heshima zote. Hata huko gemu zilikotokea, hazikuanzia chumba cha watoto. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilijaribu mashine yake ya Pong katika baa moja mjini Sunnyvale, California, mbele ya watu waliokuja kunywa bia. Tetris ilibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika kituo cha utafiti, na waliokuwa wa kwanza kuicheza hadi kusahau kazi ni wenzake wa ofisini. Na zipo gemu ambazo kule Ulaya zimewekewa alama ya miaka 18 kwenye boksi, maana yake mtoto asiziguse. (Kama mumeo anayo mojawapo yenye bunduki na damu, muombe asiicheze binti yenu akiwa sebuleni. Hilo ni la kuombwa hata kama hamjagombana.)

Kwa hiyo jibu langu ni hapana: kucheza gemu kwa mtu mzima si utoto. Lakini barua yako haiishii kwenye gemu, na sitaki uifunge simu yako ukidhani nimempa mumeo ushindi.

Masika moja, mwanetu wa pili alishikwa na degedege jioni, nami nikamtuma mtoto wa jirani mbio barazani. Mume wangu alikuwa katikati ya mchezo ambao, kama nilivyosimuliwa baadaye, alikuwa karibu kuushinda. Hakusema anamalizia. Alifika nyumbani anahema, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akatangulia njia ya hospitali, mimi nyuma nimebeba khanga na kiatu kimoja. Usiku, mtoto alipokuwa ametulia na dripu mkononi, aliingiza mkono mfukoni kutafuta leso akatoa komwe tatu za bao. Alizitazama kwa muda, kisha akazirudisha mfukoni bila kusema neno. Kesho yake wenzake walimwambia kwamba walizihesabu kete mpaka giza likaingia na hawakuelewa kwa nini hazitimii. Tangu siku hiyo, mtu mzima anayecheza mimi namtazama hapo tu: akiitwa, anainuka?

Mumeo aliitwa mara mbili katika barua yako na hakuinuka. Mara ya kwanza ni pale mama yako alipoingia. Nawe unajua kama nijuavyo mimi heshima ya ukwe ilivyo kwetu huku Buha, kwamba mkwe hamwamkii mama mkwe wake akiwa amekaa, tena na bukta. Angekuwa anasoma gazeti, angekuwa anatazama taarifa ya habari, kosa lingekuwa lilelile na mama angeondoka na uchungu uleule, ila tu angekosa neno rahisi la kuubebea. Gemu ilimpa neno hilo. Usiwajibu mashangazi kwa kutetea PlayStation, maana hamtafika popote. Waambie kwamba mama hakupokelewa inavyostahili na kwamba jambo hilo mnalirekebisha.

Mara ya pili ni hesabu za binti, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Alisema mpira hausimami, na kwa kiasi fulani ni kweli. Anayecheza peke yake anaweza kuusimamisha mchezo muda wowote, lakini anayecheza kwa intaneti na mtu aliyeko Tabora hawezi kuuacha umesimama bila huyo wa pili kuathirika. Lakini upande mwingine ni kwamba mechi ya gemu ya mpira si dakika 90. Kwa kawaida kila kipindi huchukua dakika kama sita za saa ya ukutani, hivyo mechi nzima, na zile sekunde za kushangilia mabao, ni kama robo saa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusubiri robo saa, ikiwa ameambiwa ni robo saa na ikiwa baba atainuka ikiisha. Asichoweza kukielewa ni "subiri" isiyo na mwisho, kisha mechi nyingine inaanza huku daftari limefunguliwa mapajani mwake. Na huyo wa Tabora ni mdogo wake, tena ana hedifoni masikioni. Neno moja, "dogo, ngoja nimsaidie binti yako kugawanya", lingetosha, na nadhani lingemfurahisha.

Ndiyo maana nakushauri msipangiane saa, mpangiane mechi. Ukimwambia aache saa nne kamili, saa nne itamkuta dakika ya themanini wako sare, na mtagombana kila usiku. Ukimwambia daftari za watoto kwanza, kisha mechi tatu au nne, basi kila mmoja atajua mwisho uko wapi, na mwisho huo utaangukia mahali ambapo mchezo wenyewe unaishia. Kwa kuchomoa waya ulikosea, mwanangu, ingawa hasira yako ilikuwa na sababu. Kuchomoa waya katikati ya mechi ni sawa na kuupindua ubao wa bao mbele ya wazee, na zaidi ya hapo, mashine ile ikikatiwa umeme ghafla wakati inahifadhi kumbukumbu zake inaweza kuharibika. Muombe radhi kwa waya. Usimuombe radhi kwa kumtetea binti.

Kuhusu Luku, tafuta mwizi mwingine. Mashine hiyo pamoja na televisheni, kwa saa tatu, kwa kawaida haifikishi uniti moja, wakati jiko la umeme la wati 1,000 likiwaka mfululizo linaimaliza uniti kwa saa moja. Bando la intaneti linaweza kuwa na hesabu yake, nalo mwulize.

Laki nne na nusu ni jambo kubwa kuliko anavyofikiri. Mnapanga ada pamoja, mnalea pamoja, kisha kitu cha bei hiyo kinaingia sebuleni kikiwa kimeshalipiwa. Pengine alikuficha kwa sababu alijua utasema nini. Ninashuku kwamba aibu ile unayoisikia wewe, yeye aliisikia kwanza, akaona heri kununua kisha kulaumiwa kuliko kuomba kisha kuchekwa. Hilo linaeleza, wala halihalalishi. Mketi, mtaje kiasi ambacho hakuna mmoja wenu atakayekivuka bila kumwambia mwenzake, kiwe elfu hamsini au laki, na kikufunge wewe pia.

Nimejiuliza pia kama mumeo ana tatizo la kiafya, kwa kuwa siku hizi watu huambiana haraka kwamba fulani "ameathirika". Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, nawe kama muuguzi unaweza kuusoma ukurasa huo mwenyewe. Wanatazama mtu aliyeshindwa kujizuia, aliyeuweka mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na anayeendelea hata anapoona madhara, tena kwa kipindi ambacho kwa kawaida hufika miezi 12. Mtu anayeamka kwenda kwenye injini za boti kila asubuhi, anayelipa ada, na anayekula na familia kabla ya kucheza si huyo. Siku akianza kukosa kazi, au kukopa kwa ajili ya gemu, au kukesha hadi alfajiri siku za kazi, niandikie tena, na siku hiyo sitazungumza nawe kuhusu bao.

Saa tatu kila siku, hata hivyo, ni nyingi kwa nyumba yenye mama anayeingia zamu za usiku. Barua yako haisemi popote kwamba unamkosa, lakini umeandika wanavyocheka na mdogo wake kwa maneno ambayo mtu asiyemkosa mumewe hawezi kuyaandika. Mwambie hilo hivyohivyo, bila kulitanguliza neno "utoto", kwa sababu mwanaume aliyeitwa mtoto atajitetea kuhusu umri wake na hatasikia kwamba umesema unataka kukaa naye. Chagueni jioni mbili za wiki ambazo mashine haiwashwi, zile ambazo huna zamu, na usizijaze kwa mazungumzo ya bili.

Kwa mama, aende yeye. Afike Kasulu amevaa shati, achukue sukari na kitenge, amwamkie amesimama, na aseme kwamba siku ile hakumpokea kama mama. Asieleze gemu ni nini.

Lakini kabla ya hayo yote, fungua simu yako sasa hivi na uiondoe ile picha uliyoiweka kwenye kundi la kuuza na kununua. Kigoma ni ndogo, mafundi wa boti nao wamo humo humo, na sitaki mumeo aoneshwe kitu chake na mteja kabla wewe hujamwambia.