Huo mshumaa na bilauri, usiuingize darasani kabla hujasoma hapa

Mkuu, ngoja kwanza, usiende kununua mishumaa.

Umesema Jumatatu una kipindi cha Sayansi Darasa la Tano, mada ni hewa. Utasimamisha mshumaa kwenye sahani ya maji, utauwasha, utaufunika kwa bilauri, maji yatapanda hadi moja ya tano, na hapo watoto watakuwa "wamethibitisha" kwamba oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Ukauliza na mambo ya darasa la wanafunzi 90, vitabu vya mazoezi na mengine. Hayo yatasubiri. Jaribio hilo ni la uongo, na mimi limeniaibisha mbele za watu.

Elewa vizuri: namba ni ya kweli. Oksijeni ni karibu 21, naitrojeni 78, na mtihani wa taifa ukiuliza mtoto ajibu hivyohivyo. Cha uongo ni ushahidi.

Mimi nililetewa na mwezeshaji wa semina. Alikuwa na shati limenyooka na maneno matamu, akatufanyia jaribio mbele, maji yakapanda, tukapiga makofi kama watoto. Tukamuuliza, je, yasipofika moja ya tano? Akajibu bila haya: "Chagueni bilauri inayofaa." Mwalimu mzima nimekaa pale na kalamu yangu, naandika "chagua bilauri inayofaa"! Leo nikiikumbuka ile posho aliyolipwa naumia hadi kwenye mbavu.

Basi nikarudi nyumbani, nikachagua bilauri. Ndefu zikakataa, fupi zikapitiliza, mwisho nikapata moja ya kijani ambayo maji yalisimama palepale kwenye mstari niliouchora kwa peni. Nikaona mimi ni mwanasayansi. Usinicheke, na wewe unayesoma kimyakimya huko ulishawahi kuchakachua kitu.

Siku ya somo tukawa na wageni wa ukaguzi, wamekaa nyuma na madaftari yao. Yangu ikaenda vizuri, moja ya tano kamili. Kisha nikawapa watoto wafanye kwa vikundi. Kikundi kimoja hakikuwa na mshumaa mzima, wakasimamisha vipande vitatu pamoja, wakawasha vyote, wakafunika. Maji yakapanda hadi karibu nusu ya bilauri. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kwetu oksijeni imekuwa nyingi?"

Darasa likacheka. Swali hilo lilikuwa zuri kuliko chochote nilichofundisha mwaka ule, na mimi nikamjibu: "Mmekosea vipimo. Kaeni chini." Wageni nyuma wakatikisa vichwa, wakaniandikia pongezi.

Hasara yenyewe sikuiona siku hiyo. Niliiona baadaye tulipofanya jaribio jingine, la kuyeyusha sukari kwenye maji ya moto na ya baridi. Nikapita kwenye vikundi nikakuta wameshaandika matokeo na sukari bado iko kwenye mfuko. Wote wana jibu moja, neno kwa neno. Nikauliza mmejuaje? Wakaniangalia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mzee wake. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wameshajifunza, kutoka kwangu, kwamba jibu la mwalimu linaandikwa kwanza, na maji yakikataa kulifuata, wa kukosea ni mtoto. Kulifuta hilo kulinichukua muda mrefu, na kwa yule binti sijui kama nililifuta, maana hakunyoosha tena mkono mpaka wakamaliza Darasa la Saba.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya bilauri. Unapoishusha juu ya mshumaa, hewa karibu na moto imeshapata joto na imetanuka. Nyingine inatoroka, ukitazama chini ukingoni utaona viputo. Moto ukizimika hewa iliyobaki inapoa, inasinyaa, na kanieneo ya hewa ya nje inasukuma maji ndani. Ndiyo maana maji hupanda kwa kasi baada ya mshumaa kuzimika, wakati ambao hakuna oksijeni inayoungua! Vipande vitatu vina joto zaidi, hewa nyingi zaidi imetoroka, maji yanapanda zaidi. Tena mshumaa haumalizi oksijeni, unazimika ikiwa bado imebaki kama asilimia 16. Na ile iliyoungua haipotei: kwa kila sehemu tatu za oksijeni zinatoka kama mbili za hewa ya ukaa, pamoja na mvuke. Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, katika karne ya 18 alipasha zebaki moto siku 12 ili aione oksijeni ikitoka kwenye hewa, wewe unataka umalize kwa mshumaa ndani ya dakika mbili. (Zebaki ni sumu, tafadhali, asitokee mtu hapa na wazo.)

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, nyingine zote tupa: jaribio lolote, kabla halijaingia darasani, lifanye nyumbani huku umebadilisha kitu kimoja. Mshumaa mmoja, weka miwili. Chombo kirefu, weka kifupi. Maelezo yako yakivunjika, ama tafuta maelezo mengine ama acha jaribio. Darasani mtoto atabadilisha tu, hata usipomruhusu.

Kama mada ni hewa inasinyaa ikipoa, una bahati: chukua chupa ya plastiki ya maji, tia maji ya moto, tikisa, mwaga, funga kifuniko haraka. Inakunjamana yenyewe huku watoto wanapiga kelele. Wanafunzi 90 wanaona hadi wa dawati la mwisho, na hilo nadhani linajibu nusu ya swali lako la msongamano.

Ukitaka moja ya tano kweli, tumia kutu. Chukua ile stiliwaya ya kusugulia sufuria, laini ya nyuzi nyembamba, iloweke kwenye siki kidogo kuondoa mafuta ya kiwandani, ikung'ute, isukume hadi chini ya bilauri nyembamba ibane, kisha pindua bilauri kwenye sahani ya maji uiache hadi kesho yake. Chuma kinashika kutu, kinakula oksijeni, hakuna joto la kudanganya, na maji yanapanda karibu moja ya tano. Weka stiliwaya mbili kwenye bilauri nyingine, utapata kiasi kilekile. Hapo ndipo mtoto akiuliza "mbona" una la kumwambia.

Angalizo moja: zile stiliwaya ngumu za mapindopindo, zinazong'aa, nyingi hazishiki kutu. Muuza duka atakuapia zote ni sawa. Ilaze moja kwenye kisosi cha siki leo jioni, ikiamka nyeupe vilevile irudishe.

Vitabu vya mazoezi sijui, waulize wengine. Kipindi chako Jumatatu ni saa ngapi? Maana kutu inataka ianze Jumapili.