Mkonga wa soksi: nilivyowafundisha watoto wa awali kuhusu tembo

Kama una mtoto wa miaka mitano na unataka amjue tembo, usianze na picha. Mimi nilianza na picha nikapoteza wiki nzima. Nafundisha darasa la awali hapa Tabora mjini. Nilibandika chati ukutani, wakaimba "tembo ni mnyama mkubwa" mpaka sauti zikawakauka. Ijumaa nikawagawia karatasi wachore. Nikaletewa ng'ombe wenye kamba puani.

Neno walikuwa nalo, mnyama mwenyewe hawakuwa naye. Hifadhi ya Ugalla imo mkoani kwetu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kufikishwa.

Wiki iliyofuata niliwaomba wazazi soksi ndefu zilizopotelewa na wenzake. Mtoto anaivaa mkononi hadi kiwiko, kisha anaokota vitu kwa kidole gumba na cha shahada tu, maana mkonga wa tembo wa Afrika una ncha mbili mwishoni, mithili ya vidole. Tuliweka chini gunzi, jani la mwembe, kokwa la embe na punje moja ya hindi. Gunzi waliliweza wote. Ile punje iliwatoa jasho, na binti mmoja akaanza kulia. Nikamwambia kwamba hata mtoto wa tembo huzaliwa hajui kuutumia mkonga wake. Huuchezesha ovyo na hata kuukanyaga, akajifunza taratibu kwa miezi mingi. Akafuta machozi akarudi kwenye punje yake. Wazee husema ndovu hashindwi na mkonga wake, lakini kwa watoto wadogo naona ni vizuri wajue kwamba kwanza humshinda.

Jambo la pili ni maji. Watu wazima wengi wanadhani tembo hunywa kwa mkonga kama sisi tunavyonywa soda kwa mrija. Havuti maji hadi tumboni. Huyavuta yakaishia ndani ya mkonga, akaukunja na kuyamimina kinywani. Nunua duka la dawa bomba la sindano jipya, bila sindano yenyewe, umpe mtoto na beseni la maji na kikombe. Avute, amimine. Hutahitaji maelezo mengine, ila andaa nguo za kubadilisha.

Namba kubwa zifungie kwenye vitu vya nyumbani. Tembo anapozaliwa ana uzito wa kilo 100 hivi, yaani gunia la mahindi. Niliwapeleka stoo wakajaribu kulisukuma gunia, wanane kwa pamoja. Mama yake humbeba tumboni miezi 22. Masikio tulifanya kwa khanga iliyoloweshwa: jipepee, sikia ubaridi. Tembo naye hupunguza joto la damu kwa kuyapunga masikio yake.

Sitaki mtoto atoke darasani akidhani tembo ni wa kukimbilia na kumkumbatia, hasa mtoto mwenye ndugu kijijini karibu na pori. Kwa hiyo tunacheza msafara. Bibi anatangulia, kwa kuwa kundi la tembo huongozwa na jike mzee, ndama wanakaa katikati. Wengine ni wanakijiji. Bibi akitanua masikio, wanakijiji wanarudi nyuma polepole, na hakuna anayeruhusiwa kupita kati ya mama na mwanawe. Kisha wanakuja nyuki. Sisi watu wa asali mizinga tunaijua, lakini watoto walishangaa kusikia kwamba tembo huwakimbia nyuki, maana humuuma machoni na ndani ya mkonga. Kuna wakulima wanaozungushia mashamba yao mizinga kwa sababu hiyo. Mchezo huu huombwa kila siku.

Ufinyanzi niliuacha mwisho. Udongo wa kichuguu ndio bora. Ukaushe kivulini, juani utapasuka. Pembe tulifanya kwa njiti. Mvulana mmoja, mwenye pengo la jino lililong'oka juzi yake, aliniuliza pembe ya tembo ikitoka huota nyingine? Nilitaka kukwepa. Nikaona si haki, katika mji ambao misafara ya pembe ilipita ikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, mizigo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Nikamwambia kwamba pembe zile ni meno, kama lako. Za tembo mkubwa zikitolewa hazioti tena, na sehemu yake imezama ndani ya fuvu, ndiyo maana wanaozitaka humuua kwanza.

Akanyamaza akilamba pengo lake. Kisha akamchukua tembo wake na kuzisukuma zile njiti ndani ya udongo, moja moja, mpaka zikabaki ncha tu.