Dawa ya aleji iko kabatini, ufunguo anao nani?

Mwanangu ana aleji ya karanga na mayai, tulijua akiwa hajafikisha hata miaka miwili, na nilichokuja kugundua ni kwamba nyumbani kumbe ndo kwepesi. Nyumbani najua kila kilichoingia kwenye sufuria. Shuleni kuna darasa zima la watoto, kila mmoja na kontena lake la chakula, walimu wanapokezana, na ukiuliza unajibiwa "usijali mama, tutamwangalia".

Siku hizi nikiambiwa tutamwangalia nauliza hapohapo, nani atamwangalia na dawa iko wapi.

Kuna siku nilienda kubadilisha sindano yake ya adrenalini, ile dawa ya dharura ya aleji kali, iko kama kalamu na inachoma yenyewe ukiigandamiza, maana ile ya zamani ilikuwa inakaribia kuisha muda. Tunafika ofisini kabati lina kufuli, ufunguo anao mwalimu mmoja na huyo mwalimu katoka. Tulisimama pale karibu dakika 20. Mtoto mzima kabisa, namsikia uwanjani anacheka na wenzake, lakini mimi miguu inatetemeka, kwa sababu aleji kali ikimshika mtoto hizo dakika 20 hana, koo linavimba, presha inashuka, na sindano inatakiwa ichomwe mapema kadiri inavyowezekana. Sikugombana na mtu. Walifunga kwa nia njema, watoto wasichezee dawa. Ila dawa ya dharura haifungiwi kwa kufuli jamani, iwekwe juu watoto wasipofikia, mtu mzima yeyote aweze kuichukua. Isikae kwenye friji wala dirishani juani, joto la kawaida la chumba linatosha, nyuzi 20 hadi 25. Na ziwe sindano mbili, kwa sababu dakika 5 zikipita hajapata nafuu anachomwa ya pili.

Halafu kuna karatasi. Ukurasa mmoja tu, picha ya mtoto, vinavyomdhuru, dalili zake, hatua kwa hatua nini kifanyike, namba za simu, na daktari wake ameipitia. Lakini karatasi peke yake haitoshi, ombeni ile sindano ya mazoezi isiyo na dawa wala ncha ndani, walimu waishike kwa mikono yao. Tulipofanya hivyo mwalimu mmoja, mtu makini sana, aliishika kinyume, dole gumba limekaa palepale ncha inapotokea. Ingekuwa ya kweli angejichoma mwenyewe na mtoto angebaki bila dawa. Akarudia mara tatu nne mpaka mkono ukazoea: shika kwa ngumi, dole gumba lisiguse ncha yoyote, toa kifuniko cha usalama, gandamiza kwenye paja upande wa nje, hata juu ya sare inapita. Kisha piga simu ya ambulansi, mlaze mtoto, miguu iinuliwe, akiwa anapumua kwa shida mwache akae, ila msimsimamishe wala kumtembeza. Hata akionekana kapona lazima aende hospitali, dalili zinaweza kurudi baada ya masaa.

Na hii naomba isisahaulike, sirapu au kidonge cha aleji kinatuliza muwasho na vipele, hakifungui koo lililovimba. Wengi wanampa sirapu wanakaa kusubiri, na hapo ndo muda unapotea.

Watoto wadogo nao hawatumii maneno yetu. Hatakwambia napumua kwa shida, atakwambia ulimi una nywele, mdomo unachoma, kuna kitu kimekwama hapa. Mwingine ananyamaza tu anaenda chooni peke yake, na huko ndo hatari kabisa. Mtoto mwenye aleji akisema hajisikii vizuri asiachwe peke yake hata dakika moja.

Sasa kuhusu kutengwa. Shule ilipoanza kuwa makini, ikamtafutia mwanangu meza ya peke yake. Usalama ulikuwepo kweli. Ila akawa anarudi na chakula hakijaguswa, nikadhani kilimshinda ladha, nabadilisha hiki nabadilisha kile, kumbe alikuwa hali makusudi ili awahi kutoka akakae na wenzake. Iliniuma sana. Tukakaa tena na mwalimu tukapanga upya: anakaa mwisho wa meza pamoja na marafiki ambao siku hiyo chakula chao hakina karanga wala mayai, hakuna kugawiana, meza inafutwa vizuri, na darasa zima linanawa kwa sabuni na maji kabla na baada ya kula. Sabuni kweli, ile jeli ya mikono inaua vijidudu lakini haiondoi mabaki ya karanga.

Sikuomba karanga zipigwe marufuku shule nzima. Wazazi wengine wanaomba na nawaelewa, ila naona marufuku inawafanya watu walegee, wanaamini hazipo kumbe mtoto mmoja anazo mfukoni.

Bethdei mzazi mwenzangu ananitumia meseji siku moja kabla, na darasani kuna kiboksi cha vitu vyake ili asikose. Angalieni na kazi za mikono pia, makasha ya mayai, maganda ya karanga, na ule unga wa kuchezea mara nyingi ni wa ngano, mwenye aleji ya ngano haumfai. Mtoto akimtishia mwenzake na karanga usoni asiambiwe ni utani, shule ilichukulie kama jambo zito.

Uingereza tangu Oktoba 2017 shule zinaruhusiwa kununua sindano za akiba bila cheti cha daktari, ulizeni sheria ya kwenu inasemaje.

Mfuko wa dawa wa mwanangu sasa unaning'inia juu karibu na mlango wa darasa, mwekundu. Mwezi uliopita wakipanda basi kwenda ziara mwalimu aliusahau, watoto wawili wakapiga kelele "ticha, mfuko!" basi likiwa halijaondoka, akashuka akauchukua.