Sarafu haina bei na imeelekea wekundu: je, ni dhahabu kweli?

SWALI: Fundi, salamu. Marehemu mjomba ametuachia sarafu moja. Upande mmoja kuna mzee mwenye ndevu, upande wa pili mnyama kama swala. Imeandikwa KRUGERRAND, mwaka 1978, na chini FYNGOUD 1 OZ FINE GOLD, lakini haina bei yoyote. Nimempelekea sonara mjini Kampala, akaiweka kwenye mizani: gramu 33.9. Akasema wakia ni gramu 31, kwa hiyo huu ni uongo, tena rangi imeelekea wekundu, basi ni shaba iliyopakwa. Ananipa hela kidogo anitoe njiani. Nimwachie? (Msomaji, Bombo)

JIBU: Dada yangu, usimwachie. Makosa yote aliyokuonyesha ndivyo sarafu hii ilivyoundwa tangu siku ya kwanza. Ingekuwa na gramu 31 kamili na rangi ya manjano ya ndizi, hapo ningekuwa wa kwanza kuishuku.

Tuanze na uzito. Fyngoud ni Kiafrikaans, maana yake dhahabu safi. Maandishi hayasemi kwamba sarafu ina uzito wa wakia moja, yanasema ndani yake mna wakia moja ya dhahabu safi. Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, ni ya karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu katika 24, na zile mbili zilizobaki ni shaba. Chukua uzito wake rasmi, gramu 33.93, zidisha kwa 22, gawanya kwa 24. Utapata 31.10, ambayo ndiyo wakia ya dhahabu. Sonara wako alikuwa na jibu kwenye mizani yake, hakupiga hesabu tu.

Wekundu ni wa hiyo shaba. Dhahabu tupu ni laini, hukwaruzika hata kwa funguo mfukoni, na waliotengeneza sarafu hii walitaka ishikwe na kupita mikononi. Wamarekani nao walipotoa sarafu yao ya dhahabu, Eagle, mwaka 1986 walichukua karati 22 zilezile, ila humo waliongeza fedha kidogo pamoja na shaba, ndiyo maana Eagle ni ya manjano zaidi. Wakanada walikwenda njia nyingine: Maple Leaf yao, iliyoanza 1979, ni dhahabu tupu. Inapendeza, lakini huumia upesi. Mimi mkwaruzo mdogo kwenye Krugerrand haunisumbui.

Sasa hilo la bei. Krugerrand ilianza 1967 kwa sababu Afrika Kusini ilikuwa na dhahabu nyingi na ilitaka kumuuzia mtu wa kawaida, ambaye hawezi kununua mche mzima wa dhahabu. Jina lenyewe ni Kruger ukiunganisha na rand, pesa yao, iliyoitwa hivyo kwa Witwatersrand, safu ya vilima yenye migodi. Ni pesa halali kisheria, lakini haikuandikwa kiasi, ili thamani yake iifuate dhahabu yenyewe inavyopanda na kushuka. Ukitaka kuona faida ya hilo, tazama hapa kwetu. Papa Paulo VI alipokuja Uganda mwaka 1969 zilitolewa sarafu za dhahabu za ukumbusho, na kubwa kuliko zote iliandikwa shilingi 1,000. Mwaka 1987 shilingi yetu ikakatwa sifuri mbili. Kwa maandishi yake sarafu ile sasa ni shilingi 10, hununui hata kiberiti, ilhali dhahabu iliyomo haikupungua hata chembe.

Mzee mwenye ndevu ni Paul Kruger, rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal tangu 1883 hadi Waingereza walipomwondoa mwaka 1900. Sura hiyo ilichongwa na Mjerumani Otto Schultz kwa ajili ya sarafu za 1892. Ilizua kizaazaa: Schultz aliweka herufi za jina lake, O.S., chini ya kifua cha rais, na kwa lugha ya Makaburu os ni maksai. Wapinzani wakacheka hadi herufi zikaondolewa. Swala ni springbok, kazi ya mchongaji Coert Steynberg, na kabla ya hapo alikuwa kwenye sarafu yao ya shilingi tano. Mwaka huwa umegawanywa, 19 upande mmoja wa mnyama na 78 upande wa pili.

Mwaka huo wa 1978 ndio utakaokukatisha tamaa kidogo. Zilitolewa kama milioni 6, kwa hiyo wakusanyaji hawaitafuti. Za 1967, zilizokuwa kama 40,000 tu, ndizo zenye bei ya ziada. Baadaye, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, Marekani ilizuia kuziingiza kuanzia 1985, na soko likadorora. Yako iuze kwa bei ya wakia ya dhahabu ya siku hiyo, ukimwachia mnunuzi faida yake ndogo.

Kabla ya kuuza, hakikisha. Sumaku haitoshi, hunasa chuma na metali chache tu. Pima upana: milimita 32.7 hivi, na unene usizidi 2.9. Mnunuzi asiikwangue kwa tupa wala kuimwagia asidi, na wewe usiisugue. Halafu fanya kipimo hiki, nami hukifanya kila mara. Tafuta mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka juu yake bilauri ya maji, irudishe kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi, uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji ambayo sarafu imeyachukulia nafasi: uwe kati ya gramu 1.90 na 1.95. Shaba ya njano ya uzito uleule ingesoma karibu 4. Wolframu, metali nzito iliyowahi kuchimbwa kwetu Kigezi, ndiyo adui mgumu, maana kwa ukubwa uleule uzito wake unakaribia sana wa dhahabu. Hata hivyo nayo ingesoma karibu 1.76 tu. Uzi uwe mwembamba wa kushonea, na kwanza futa mapovu yanayong'ang'ania sarafu, maana kila povu huongeza kidogo kwenye usomaji.