Kusomea saikoanalisisi bila kuacha imani: jibu kwa mchungaji wa Malindi

Bwana asifiwe, mchungaji. Umeandika kwamba unachunga kanisa hapa Malindi, umefanya kozi fupi ya ushauri nasaha, na sasa unataka kusomea kwa kina saikoanalisisi, yaani tiba ya mazungumzo iliyoanzishwa na Freud, inayosikiliza yaliyojificha moyoni na mizizi yake ya utotoni. Mwalimu mmoja amekwambia imani uiache mlangoni. Wazee wa kanisa nao wamekwambia Freud alimkana Mungu, kwa hiyo elimu yake haifai kwa mtumishi. Unauliza umsikilize nani.

Mimi ni Mwanglikana, nafanya kazi ya kusikiliza watu hapa hapa mjini, na nilipitia mafunzo hayo huku nikifundisha shule ya Jumapili. Nionavyo mimi, imani ya mshauri haiunganishwi na saikoanalisisi kwa kuongeza somo la Biblia kwenye ratiba. Huunganishwa pale mshauri mwenyewe anapokaa kwenye kiti cha mteja, kwa muda mrefu, na kusikilizwa mpaka mambo yake na Mungu wake yatoke nje. Chuo kisichokukalisha kwenye kiti hicho, hata kikifungua kila kipindi kwa maombi, hakijakufundisha kitu cha maana.

Niseme kidogo juu ya Freud, kwa sababu ya wazee wako. Wako sahihi kwamba hakuamini. Mwaka 1927 alichapisha kitabu kizima akidai kwamba dini ni njozi inayotokana na hamu ya mtoto kuwa na baba wa kumlinda. Lakini rafiki yake wa miaka mingi alikuwa mchungaji, Oskar Pfister wa Zurich. Waliandikiana barua tangu 1909 hadi Freud alipofariki London mwaka 1939. Katika barua za mwanzo kabisa Freud mwenyewe alimweleza kwamba saikoanalisisi si ya kidini wala si ya kupinga dini, ni chombo ambacho kasisi na asiye kasisi wanaweza kukitumia kuwasaidia wanaoteseka. Kitabu kile kilipotoka, Pfister alikijibu hadharani mwaka uliofuata, na urafiki wao haukuvunjika. Baadaye Uingereza akaja Harry Guntrip, mchungaji aliyeandika sana juu ya nafsi inayojificha kwa woga, na mmoja wa waliomchambua, yaani waliomsikiliza kwa njia hii ya saikoanalisisi, alikuwa Fairbairn wa Edinburgh, ambaye naye alisoma theolojia kabla ya udaktari. Kwa hiyo hutakuwa mtumishi wa kwanza kuipita njia hii.

Sasa mafunzo yenyewe. Tangu taasisi ya Berlin ilipoanza mwaka 1920, nguzo zimebaki tatu: wewe mwenyewe kuchambuliwa, kuona wateja chini ya msimamizi, yaani mzoefu unayempelekea kesi zako, na masomo ya nadharia. Kwa viwango vya chama cha kimataifa cha saikoanalisisi, mwanafunzi huchambuliwa mara tatu hadi tano kwa wiki, kwa miaka. Sisi wa pwani wengi hatufiki huko. Tunafanya kwa kiasi tunachoweza, mara nyingi kwa video na mtu aliye Nairobi au ng'ambo, mtandao ukikatika tunasubiri. Ndiyo maana mimi sijiiti mchambuzi. Najiita mshauri anayefanya kazi kwa misingi ya saikoanalisisi, na nakuomba nawe uwe makini na cheo utakachojipa.

Nadharia utaisoma, wewe ni msomaji, sina wasiwasi. Nguzo ya kwanza ndiyo watumishi wengi huikwepa. Husema, "Mimi nina Roho Mtakatifu, nina mke wangu, nina askofu, nichambuliwe nini tena?" Mimi nilikulia kwa baba aliyekuwa mwalimu mkuu. Nyumbani alikuwa na daftari. Kila kosa liliandikwa, na jioni lilisomwa. Nilipoanza kuchambuliwa, mchambuzi wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na kila aliponyamaza mimi nilianza kujitetea. Nilieleza kwa nini nimechelewa hata siku ambazo sikuchelewa. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Unadhani mimi naandika nini hapa?" Hakuwa na kalamu wala karatasi. Miezi ilipita kabla sijaona kwamba na sala zangu za asubuhi zilikuwa hivyo hivyo: nilikuwa nikimsomea Mungu daftari kabla hajanisomea Yeye.

Jambo hili limeandikwa vizuri na Ana-Maria Rizzuto, daktari wa akili Mkatoliki kutoka Argentina aliyefanya kazi Boston. Katika kitabu chake cha 1979 alionyesha kwamba sura ya Mungu ambayo mtu anaibeba moyoni huanza kujengwa utotoni, kutokana na baba, mama na watu wengine wa nyumbani, na huendelea kubadilika. Hakuwa akibishana kama Mungu yupo au hayupo. Alikuwa akiuliza huyu unayemwomba ana sura ya nani. Mchungaji, ukilijua la kwako, utalisikia la mteja. Usipolijua, utampa mteja Mungu wa baba yako na kumwita Mungu wa Biblia.

Nguzo ya pili, usimamizi, nitaieleza kwa mfano. Nimebadilisha mambo ili mhusika asijulikane. Mama mmoja muumini alikuwa akija kila wiki, na kila mazungumzo yalipomkaribia marehemu baba yake alikatiza: "Tuombe kwanza, mwalimu. Niombee." Sauti inashuka, macho yanafumba, mikono tayari iko mapajani. Nilipeleka jambo hilo kwa msimamizi wangu kabla ya kuamua la kufanya, na hakuniambia niombe wala nisiombe. Aliniuliza tu sala ile huingia dakika gani, na mama huyo huongea nini sentensi mbili kabla yake. Wiki iliyofuata, alipoomba tena, nikamwambia: "Mama, nitafurahi kujua, tukiomba sasa hivi ni kitu gani hatutakisema?" Alikaa kimya kitambo. Halafu akasema, "Kwamba sikulia msibani." Tulikaa na neno hilo majuma mengi: hasira kwa mzee aliyempiga mama yake, na hofu kwamba mimi ningemkemea, kama vile mimi ndiye mchungaji wake wa utotoni, kwa kutomheshimu mzazi. Hisia za zamani alikuwa amezihamishia kwangu, ndicho wataalamu wanachokiita uhamishaji wa hisia, na ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Angalia kwamba imani haikuachwa mlangoni hapo. Sala ilichukuliwa kwa uzito zaidi kuliko kama ningeomba haraka haraka na kufunga mada. Na Biblia yenyewe haina haraka hiyo: Zaburi ya 88 inaisha gizani, bila shangwe ya mwisho, na bado ni sala. Mwalimu wako anayetaka uiache imani nje hajafikiria kwamba mteja wa Malindi, awe Mgiriama wa Ganda au Mswahili wa Shella, anaingia nayo. Nusu ya wateja wangu ni Waislamu. Kazi yangu kwao ni ile ile, kuwasikia na Mungu wao walivyo, na yeyote anayetaka kutumia chumba cha ushauri kuvuta watu kanisani kwake namwomba asiingie katika kazi hii kabisa.

Lakini kuna sababu nyingine ya sisi wa hapa kulichukua jambo hili kwa uzito, na unaijua. Shakahola, msitu ambao wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, ni ya kwetu. Mwaka 2023 miili zaidi ya mia nne ilifukuliwa katika msitu ule, na ililetwa hospitalini hapa Malindi. Jamaa walisubiri majibu ya vinasaba kwa miezi. Nimekaa na baadhi ya watu waliopoteza ndugu. Mshauri anayedharau dini hawezi kuwasikia, kwa sababu kwake jibu liko tayari: walidanganyika, basi. Na mshauri anayefungua kinywa kwa aya anasikika masikioni mwao kama sauti ile ile iliyowachukulia watu wao. Nimemwona mtu akikunja mabega aliposikia neno "utii" tu. Anahitaji mtu anayeijua imani kutoka ndani, anayejua utamu wake, na ambaye pia ameshajiuliza kwa nini yeye mwenyewe hupenda kutiiwa. Swali hilo la mwisho ni la kwetu sisi wenye vipaza sauti, mchungaji. Hakuna mahali pengine utaulizwa isipokuwa kwenye kuchambuliwa na kwa msimamizi.

Kuhusu waumini wako: usiwachambue. Wewe unawabatiza watoto wao, unahesabu sadaka zao, unawazika. Muumini hawezi kukwambia kwamba mahubiri yako yanamtisha halafu Jumapili akapokea meza ya Bwana mkononi mwako kama kawaida. Uchungaji uendelee kuwa uchungaji, na anayehitaji zaidi mpeleke kwa mwenzako wa Watamu au Kilifi, naye akuletee wa kwake. Mji huu ni mdogo. Utakutana na mteja sokoni akiwa na mumewe. Mkubaliane mapema kama mtasalimiana. Chumba nacho kifikirie. Changu kina paa la makuti na ukuta hauzuii sauti, kwa hiyo feni inawashwa hata msimu wa kusi, ili aliye barazani asisikie. Hakuna dirisha linaloangalia njia ya kanisa.

Kisheria: Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kufanya kazi hii kwa malipo kunahitaji usajili. Cheti cha semina ya wikendi, hata kiwe na muhuri wa huduma kubwa kiasi gani, hakikupi ruhusa hiyo. Ushauri wangu ni upate kwanza shahada au diploma ya saikolojia ya ushauri katika chuo kinachotambulika. Vyuo vya Kikristo vinavyofundisha fani hiyo vipo Nairobi, Daystar mojawapo. Kisha juu yake utafute mafunzo ya saikoanalisisi. Marekani walijaribu kuweka yote chini ya paa moja. Seminari ya Fuller ya California ilifungua shule ya saikolojia katika miaka ya 1960, na baadhi ya walimu wanaoandika leo juu ya saikoanalisisi na theolojia wametokea katika mazingira kama hayo. Wengine hupokea wanafunzi kwa mtandao, ila gharama ni ya dola, na kumbuka kuongeza malipo ya mchambuzi na ya msimamizi, ambayo kwangu yalizidi karo.

Kabla ya kulipa chochote, waandikie uulize: Je, lazima mwanafunzi achambuliwe, na nani anamchagua mchambuzi? Je, anayenichambua ndiye atakayenipa alama? Wakisema ndiyo, ondoka, kwa sababu hutamwambia mchambuzi huyo ukweli. Msimamizi husikiliza kesi kwa undani kiasi gani, neno kwa neno au kwa muhtasari? Na mwanafunzi akipoteza imani katikati ya mafunzo, au akiipata, chuo hufanya nini? Swali hilo la mwisho liulize kwa chuo cha kanisa na kwa chuo cha serikali vile vile. Majibu yao yatakuonyesha mengi.

Ukipata barua yao, ifute majina uiweke hapa. Nitaisoma, na wapo wengine humu wenye uzoefu wa usimamizi kuliko mimi.